Nta ya Juu Juu

Mliosoma wiki iliyopita mliniacha nje ya ukumbi wa harusi, viatu mkononi, nikisikiliza sauti ya marehemu mume wangu ikitoka kwenye gitaa la mtu mwingine.

Kwa anayeanza leo, nitasema kwa kifupi. Mume wangu alipiga gitaa la umeme kanisani mpaka ugonjwa ulipomlaza. Chini ya nyuzi za gitaa la aina hiyo hukaa pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Hizo ndizo zinazoinasa sauti na kuipeleka kwenye spika. Za kwake hazikununuliwa dukani. Tulizitengeneza wenyewe, kwa cherehani hii hii ninayoshonea sare za shule. Yeye alikanyaga, mimi nikauongoza waya kwa vidole, maana alisema vidole vyake vinajua kubonyeza tu, havijui kubembeleza.

Alipofariki, gitaa likabaki kwa binti yangu. Ndipo akaja rafiki wa marehemu, fundi wa magitaa na kiongozi wa bendi ya harusi, ambaye watu wote wanamwita Vidole. Akamjaza binti maneno: pikapu hizi zimechoka, sauti imekuwa ya kizee, ngoja nikufungie mpya uone utamu. Akafunga mpya, zina vifuniko vinavyong'aa kama meno ya bandia. Gitaa likapoteza sauti yake siku ile ile. Tulipoziulizia za zamani, akasema amezitupa.

Hakuzitupa. Alizifunga kwenye gitaa lake.

Nilipomfuata pale harusini nikamwambia anirudishie, alinicheka mbele ya wapishi na wapambaji. "Shemeji, sumaku ni sumaku. Nenda kashone."

Basi nilikwenda, nikashona. Lakini kichwani nilikuwa nashona mengine.

Kwanza nilikwenda kwa Mungu. Nilifunga, nikapiga magoti kila asubuhi kabla sijagusa cherehani. Sikuomba uvumilivu. Niliomba vidole vya Vidole vikauke kimoja kimoja, huku mwenyewe anavitazama.

Shoga yangu alinisikia. Huyu tunagawana chumba cha kazi, mimi nashona, yeye ananyoosha nguo, na wateja wanamwita Bibi Pasi.

"We mwanamke, hayo ni maombi au ni uchawi?"

"Ni maombi."

"Mbona unataja viungo vya mtu kama uko buchani?"

Nikatunga uzi kwenye sindano. Mtu aliyeibiwa cherehani anaweza kunielewa nusu. Aliyeibiwa sauti ya mumewe ananielewa yote, na sijui kama yuko mwingine zaidi yangu.

Kilichozidi kunichoma ni ukumbi mpya wa kanisa. Ulikuwa unafunguliwa Jumapili iliyokuwa inakuja, na wimbo wa ufunguzi ulikuwa wa mume wangu. Aliutunga wakati ukumbi ni mashimo ya msingi tu. Binti yangu ndiye aliyepangwa kuupiga, akakataa.

"Siwezi, mama. Siwezi kupiga wimbo wa baba kwa sauti ya mtu mwingine."

"Mwanangu, watu watasemaje?"

"Waseme. Mimi ndiye niliyempa gitaa kwa mikono yangu."

"Nyamaza, ule."

Hakula. Gitaa likabaki ukutani kwenye msumari wake, linang'aa na ni bubu. Na kanisa likamwomba nani apige badala yake? Vidole. Yaani wimbo wa mume wangu, kwa pikapu za mume wangu, kwa mkono wa aliyeniibia, mimi nimekaa benchi namtazama. Nikawaambia wazee sawa. Nikarudi nyumbani nikauma mto.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo, tuko kazini, hodi ikapigwa.

"Hodi wenyewe!"

Sauti ile niliijua. Mkasi ukanitoka mkononi.

"Karibu," akasema Bibi Pasi, mimi nikiwa nimeinama kuuokota.

Vidole akaingia na gitaa mgongoni, kofia mkononi, akaanza kusifia vitambaa. Mwanamume akisifia vitambaa vya sare za shule, jua ana shida.

"Shemeji, umependeza."

"Nimevaa nguo ya kazi."

"Hata hivyo."

"Sema kilichokuleta."

"Marehemu aliacha waya. Ule mwembamba wa shaba. Naomba kidogo tu, shemeji. Pikapu yangu moja imekufa, waya umekatika kwa ndani. Nimezunguka kote, waya wa namna ile haupatikani. Na Jumapili ndiyo hiyo."

"Pikapu yako?"

"Yangu."

"Iweke mezani niione."

Akaitoa mfukoni, imefungwa kwenye leso, akaiweka kati ya sindano zangu kama mtu anayeweka yai. Nikainama. Pale waya ulipoanzia palikuwa na uzi wa zambarau, umefungwa kwa fundo la kushonea kifungo. Mwaka tuliotengeneza pikapu zile, sare za shule zilikuwa zambarau. Uzi ulikuwa wangu. Fundo lilikuwa langu. Nililifunga huku mume wangu ananipulizia jasho shingoni.

Bibi Pasi naye aliuona. Akaisimamisha pasi wima, bado ina moto.

"Shemeji," nikasema, "na huu uzi?"

Vidole akatazama kofia yake. "Basi tusifichane. Ni zile. Lakini hebu niambie ukweli, zilikuwa zinafanya nini kwa yule mtoto? Anapiga Jumapili moja moja, halafu zinalala. Kitu kama hiki kukilaza ni dhambi, shemeji."

"Dhambi."

"Namaanisha kwamba..."

"Nimekuelewa."

"Shoga," akasema Bibi Pasi, "niambie tu nianzie wapi. Kola au mikono?"

"Mwache. Ni mgeni."

Nilisema hivyo kwa sauti tulivu mpaka mwenyewe nikashangaa. Maana pale pale, nikiwa nimeinama juu ya ule uzi wa zambarau, nilielewa kuwa nimejibiwa. Niliomba vidole vyake, Mungu akaniletea pikapu mezani. Nikaona nisimchoshe tena kwa kazi ninayoiweza mwenyewe.

"Waya sitakupa," nikamwambia. "Utaukatakata bure. Niachie hii, nitaizungusha upya mimi."

"Wewe?"

"Ya kwanza aliizungusha nani?"

Alinitazama, akaitazama cherehani, akanitazama tena. Miaka yote aliyokula kwetu, hakujua. "Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na bado unanisaidia? Baada ya yote haya?"

"Sisi ni watu wa sala, shemeji. Kesho kutwa njoo uchukue."

Macho yake yakalowa. Nilidhani ni mvuke wa pasi.

Sasa nieleze kidogo, maana bila hili hamtajua nilichomtegea.

Waya ukishazungushwa, lazima uwe umekazwa sawasawa kama uzi wa cherehani nzuri. Kisha pikapu nzima inazamishwa kwenye nta iliyoyeyuka. Inatoa mapovu. Mume wangu alikuwa akiinama juu ya sufuria ananiambia, "Ngoja, bado inapumua." Mapovu yakikoma anasema, "Sasa imetulia." Hapo nta imeingia mpaka ndani, imeushika waya wote.

Pikapu isiyoingia nta, waya wake unatikisika tumboni. Kwa sauti ndogo hutajua. Tena inalia kwa utamu kuliko nyingine. Lakini ifungulie sauti mbele ya spika kubwa, inaanza kujisikia yenyewe na kujijibu yenyewe, mpaka inapiga yowe la kutoboa masikio. Ya kwanza kabisa tuliyotengeneza, kabla hatujajua habari za nta, iliwatoa wazee wa kanisa nje mbio katikati ya sadaka. Mume wangu alicheka wiki nzima.

Basi mimi nikaizungusha ya Vidole. Nikaulegeza waya kama mtu anayepiga bandi, kushikiza tu, kazi ya kufumuliwa baadaye. Nta nikaiyeyusha, lakini sikuizamisha pikapu. Nilichovya kidole, nikapaka juu juu, nikalainisha, ikang'aa vizuri kabisa.

"Mbona hujazamisha?" akauliza Bibi Pasi.

"Nimezamisha."

"Umepaka."

"Wewe nyoosha nguo zako."

"Nanyoosha. Lakini macho yangu leo hayana kazi."

"Basi yafumbe, yasali."

"Yasali nini? Wewe mwenyewe ukisali watu wanakatika vidole."

Vidole alipokuja, aliigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha. "Nta umeiweka?"

"Si unaiona?"

Akairidhia. Akailehemu hapo hapo mezani kwangu, akachomeka gitaa lake kwenye kispika kidogo alichokuja nacho, akapiga mistari michache ya wimbo wa mume wangu, taratibu, kwa sauti ya chini.

Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa kama amekaa mle ndani amevua viatu.

Niliporudi nimejipangusa uso, Vidole alikuwa ameduwaa. "Shemeji, hii imeishinda ya kwanza."

"Jumapili ufungulie sauti," nikamwambia. "Ukumbi ni mkubwa. Wa nyuma nao wasikie."

"Nitafungulia yote."

Akaaga. Akafika mlangoni, akarudi. "Shemeji, nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani."

Uongo ule ulinishuka kooni kama asali. Mbele ya kanisa zima, pikapu itapiga yowe, watu wataziba masikio, watoto watalia, na Vidole atabaki jukwaani anahangaika na swichi kama mtu aliyeingiliwa na nyuki nguoni. Harusi zote zitasikia. Hakuna bwana harusi atakayemwita tena. Nilishona vizuri sana wiki ile. Nilishona naimba.

Jumamosi nikaona msumari wa ukutani hauna kitu.

"Gitaa liko wapi?"

"Nimelipeleka kubadilishwa nyuzi, mama," binti akasema.

"Si umesema hupigi?"

"Zimeshika kutu. Hata asiyepiga anabadilisha."

Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu tuibiwe. Mimi ninayesikia sindano ikianguka kwenye zulia, nililiona tabasamu lile, nikaliacha lipite. Nilikuwa nawaza kesho yake nitakaa benchi gani ili nimwone vizuri Vidole akiumbuka.

Nilikaa la mbele kabisa, Bibi Pasi ubavuni kwangu. Spika zilikuwa kubwa kama makabati, zililetwa asubuhi ile ile, hazikupata hata kujaribiwa. Nikamshukuru Mungu kwa hilo pia.

Mchungaji akaomba, akahubiri, akamwita Vidole.

Vidole akapanda jukwaani mikono mitupu. Akaenda nyuma ya pazia, akatoka na gitaa. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu gitaa lile lilikuwa na mkanda wa maua nilioushona kwa mkono wangu. Halikuwa gitaa lake. Lilikuwa la mume wangu.

Na vile vifuniko vya kung'aa havikuwepo.

"Ndugu zangu," Vidole akasema kwenye kipaza sauti, "mimi ni mwizi."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa kufungulia wimbo.

"Msicheke. Niliiba sauti ya rafiki yangu kwenye gitaa la mwanawe, nikaipigia harusi zenu. Wengi mmeicheza. Mjane wake akanifuata, nikamcheka. Halafu ikaharibika, nikaenda kwake na uso wangu mkavu, nikitegemea kumwagiwa maji ya moto. Yule mama akaitengeneza kwa mikono yake. Akaniambia alishanisamehe zamani." Akageukia benchi letu la mbele. "Jamani, ningepigwa ningeweza kula. Kwa msamaha ule nimeshindwa kula."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Pikapu zote mbili nimezirudisha zilikotoka. Tulificha, mimi na binti yake, tumshtukize. Na wimbo huu sitaupiga mimi."

Binti yangu akatoka upande wa kwaya, amevaa gauni nililomshonea Krismasi, akapanda ngazi. Vigelegele vikapasua bati. Vidole akamvisha mkanda begani.

"Asante, baba mdogo," akamwambia. Kipaza sauti kikatuletea.

Bibi Pasi akaniinamia. "Shoga. Ile mle ndani ni ile?"

"Ni ile."

"Ile uliyopaka?"

"Nyamaza."

"Mungu wangu."

Nilimtegea mwizi, na mtego umevaliwa na mwanangu. Ikipiga yowe mle mikononi mwake, mbele ya watu wote hawa, hatagusa gitaa tena. Namjua. Atasema ni baba yake amemkataa. Na watu watakapotaja wimbo wa mume wangu, watakumbuka yowe.

Vidole akainamia kikuza sauti, akashika kitufe, akaanza kukizungusha. "Shemeji ameniagiza wa nyuma wasikie!" akasema kwa furaha. Watu wakashangilia. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe.

Nikasimama.

Sikujua nasimama nifanye nini. Kuchomoa waya? Kumnyang'anya gitaa? Nilisimama tu, mkono mmoja juu, kama mtoto wa shule anayeomba ruhusa. Mchungaji akaniona, uso ukamng'aa.

"Mama ana ushuhuda! Ngoja, binti, usianze. Tumsikilize mama kwanza."

Akashuka mwenyewe, akanishika kiwiko, akaniwekea kipaza sauti mkononi. Kilikuwa cha moto kwa viganja vya wengine.

"Sema, mama."

Ukumbi ukatulia. Binti yangu alikuwa amezilaza nyuzi kwa kiganja, anangoja, anatabasamu. Aliniinulia kidevu kama anavyofanya nyumbani, kuniambia, haya, endelea.

Hapo nikakisikia. Kimluzi chembamba, kutoka kwenye spika, kama birika linaloanza kuchemka nyumba ya tatu. Watu hawakukisikia. Wangekisikiaje? Walikuwa wananitazama mimi.

Vidole alikisikia. Mkono wake ukaganda kwenye kitufe. Ni mwizi, lakini ni fundi. Akalitazama gitaa. Akaitazama spika. Kisha akanigeukia mimi, na ile furaha ikamtoka usoni polepole kama maji kwenye beseni lililotoboka.

Akashuka jukwaani. Akaja mpaka nilipo, akainama karibu na sikio langu, kwa adabu, asinifedheheshe.

"Shemeji," akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "nta iliingia?"

Kipaza sauti kilikuwa kati yetu, mkononi mwangu, kimewashwa.

Wa nyuma wote wakasikia. Binti yangu naye akasikia. Akauondoa mkono kwenye nyuzi ili anitazame vizuri, na kile kimluzi kikaanza kupanda.